Mimba Yenye Selimundu: Maswali ya Kumuuliza Daktari

Mmepimwa kliniki, nanyi wawili mkaambiwa mmebeba kinasaba cha selimundu, yaani siko seli. Kubeba si kuugua. Lakini katika kila mimba yenu, uwezekano wa mtoto kuzaliwa na ugonjwa ni asilimia 25. Hesabu hiyo huanza upya kila mara. Mkubwa akiwa mgonjwa, mdogo wake hajakingwa.

Je, mtoto anaweza kupimwa akiwa tumboni? Anaweza. Daktari huchukua kwa sindano chembe za kondo la nyuma kati ya wiki ya 11 na ya 14, au maji ya uzazi kuanzia wiki ya 15. Hospitali zenye kipimo hiki ni chache, na kuna hatari ndogo ya mimba kuharibika. Uliza bei, na kama bima yako inalipia, kabla ya kukubali.

Akionekana mgonjwa, madaktari hawatakuambia jambo moja. Nchini Cameroon, mtafiti Ambroise Wonkam na wenzake waliwauliza madaktari na wazazi. Wazazi wanaolea watoto wenye selimundu walikubali kutoa mimba ya namna hiyo zaidi kuliko madaktari. Daktari naye ana imani yake, na kile alichokiona wodini. Kwa hiyo muulize waziwazi: "Haya ni matokeo ya kipimo au ni maoni yako?" Una haki ya kupata majibu hayo mawili kila moja peke yake, na ya kumwona daktari mwingine. Asikuharakishe mtu.

Sheria nayo inaweka mipaka. Tanzania, Kanuni ya Adhabu inakataza kutoa mimba, isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Kenya, ibara ya 26 ya Katiba ya 2010 inaruhusu pale panapohitajika matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama ikiwa hatarini. Ugonjwa wa mtoto peke yake haukutajwa katika sheria hizo mbili. Usimfuate mtu wa vichochoroni. Wanawake hufa huko.

Ukiendelea na mimba, omba mtoto apimwe mara azaliwapo, kwa tone la damu ya kisigino. Akiwa na selimundu, aanze penisilini mapema, kwa kawaida hadi miaka 5, apate chanjo zote na alale kwenye chandarua. Muulize daktari pia kuhusu haidroksiyurea, dawa inayopunguza vipindi vya maumivu makali.