Kipozamataza wa Beesley: Jirani Yetu wa Kaskazini mwa Meru

Ukitoka mtaani kwetu Kwa Mrombo ukavuka jiji la Arusha na kushika barabara ya Namanga, Mlima Meru unakuwa mkono wako wa kulia. Ngaramtoni bado kuna migomba na mahindi. Ukipita Oldonyo Sambu, kijani kinapungua, na Engikaret unaingia kwenye tambarare ya nyasi fupi na majivu ya volkano. Mvua nyingi ya mlima hunyesha upande wetu wa kusini. Kule huambulia kidogo. Hapo anaishi kipozamataza wa Beesley, ndege mwimbaji asiyejulikana kuishi kwingine popote duniani.

Ni saizi ya shomoro, mwenye mkia mfupi wenye ncha nyeupe, mdomo uliopinda kidogo na ukucha mrefu wa nyuma. Muda mwingi hutembea, amesimama wima, akitafuta wadudu pamoja na wenzake wachache. Alielezwa kisayansi mwaka 1966 na C. W. Benson, akapewa jina la John Beesley, aliyechunguza ndege wa Arusha. Jamaa zake wa karibu wako mbali sana, kuanzia Angola hadi Afrika Kusini.

Leo yuko hatarini kutoweka. Eneo lake ni dogo mno, kiasi kwamba kiangazi kimoja kibaya kinaweza kuwaumiza wote kwa pamoja.

Je, tupande miti ili kumsaidia?

Hapana. Tunajua kwamba Arusha kupanda miti ni jambo jema, na pembezoni mwa Mto Themi tunaomba mzidi kupanda. Lakini ndege huyu anahitaji uwanda ulio wazi na nyasi fupi. Kwa hiyo mfugaji si adui yake: mifugo, kama wafanyavyo swala, hufupisha nyasi. Hatari huja ng'ombe, mbuzi na kondoo wanapozidi uwezo wa ardhi mpaka panabaki vumbi tupu, au jembe linapogeuza malisho kuwa shamba. Kiota chake kiko chini, kando ya kishungi cha nyasi. Kwato, mbwa na tairi vyote hukifikia.

Wamasai wana desturi ya kutenga alalili, malisho yanayopumzishwa kwa ajili ya kiangazi. Kwa maoni yetu, hakuna mradi wa kigeni unaoshinda desturi hiyo, hasa kijiji kikiithibitisha katika mpango wake wa matumizi ya ardhi na malisho yakapata hatimiliki ya kimila ya pamoja. Ndugu unayetafuta ekari za bei nafuu barabara ya Namanga, uliza kwanza ofisi ya kijiji kama ardhi hiyo imetengwa kwa malisho.

Madereva na waongoza watalii, wengi wenu mnaishi mtaa huu huu. Msiache njia iliyopo hata mgeni akishikilia kusogea karibu. Mchukueni kijana wa Engikaret awaongoze kwa miguu na mlipe ada ya kijiji. Vijana hao wanawajua ndege hawa vizuri, na fedha hiyo inawapa wazee sababu ya kuulinda uwanda. Mkimwona kipozamataza huyu, andikeni tarehe, mahali, idadi na kama kuna makinda, kisha mpeleke taarifa kwa Atlasi ya Ndege wa Tanzania.