Kupaka Rangi Kalipa za Breki Nyumbani: Maswali na Majibu

Kalipa ni nini, na kwa nini ipakwe rangi?

Kalipa ni kile kipande cha chuma kinachoikumbatia diski ya breki na kuibana kwa pedi mbili dereva anapokanyaga. Katika garaji za mji wa Likasi, jimboni Haut-Katanga, hujulikana kama etriye, na pedi zake kama plakete. Toyota nyingi zilizotumika, zile zinazotoka Japani na kuingia Katanga kupitia Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa, zina kalipa za chuma cha kalibu. Kiwandani hupewa utando mwembamba tu wa zinki, na miaka ikipita utando huo huisha. Hapo kutu hushika. Masika yanapoanza, tope jekundu la barabara za mitaa ya Kikula na Panda hujikusanya nyuma ya rimu, hubaki na unyevu hata jua likiwaka, na chuma huliwa polepole.

Rangi huzuia kutu na hupendeza macho. Haiongezi nguvu ya breki hata kidogo, wala haiponyi kalipa mbovu.

Mtindo wa kalipa nyekundu ulitoka wapi?

Ulitoka kwenye mashindano ya magari. Breki za diski zilijipatia jina mwaka 1953, Jaguar zilizofungwa diski za Dunlop ziliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans nchini Ufaransa. Kampuni ya Brembo ilianzishwa mwaka 1961 karibu na Bergamo, Italia, na mwaka 1975 ikaanza kuyahudumia magari ya mbio ya Ferrari. Baadaye magari ya kifahari ya barabarani yakatoka kiwandani na kalipa za rangi, na rimu zenye nafasi kubwa kati ya mikono yake zikaziacha zionekane. Corolla yenye kalipa nyekundu hufunga breki vilevile kama ilivyofunga jana.

Je, kila gari linafaa?

Magurudumu ya mbele karibu yote ya magari ya leo yana diski na kalipa. Nyuma hali hutofautiana: Hilux nyingi na Corolla nyingi za bei nafuu zina breki za ngoma. Ngoma nayo inaweza kupakwa upande wa nje, kwa rangi ileile ya kuhimili joto, mradi tundu la kitovu na uso unaokaa dhidi ya rimu viachwe vitupu. Gari lenye rimu za chuma zilizozibwa kwa vifuniko haliwezi kumwonyesha mtu chochote. Huko sababu pekee ya kupaka ni kutu.

Kalipa inayovuja haipakwi. Dalili zake ni unyevu wa mafuta kuzunguka pistoni au kwenye maungio ya mpira wa breki, pedi moja kuisha kabla ya mwenzake, gari kuvuta upande mmoja, au gurudumu moja kuwa la moto kuliko mengine baada ya safari fupi. Kalipa ya namna hiyo inataka mipira mipya, au ibadilishwe yote. Kuipaka ni kuuficha ugonjwa, na fundi atakayekuja baadaye atakosa alama ambazo zingemwonyesha mafuta yanatokea wapi.

Rangi gani hutumika?

Rangi iliyotengenezwa kwa ajili ya kalipa. Inatakiwa kustahimili mambo mawili, joto na mafuta ya breki. Katika mizunguko ya kawaida ya mjini diski hufika nyuzi 100 hadi 200 za Selsiasi. Likasi imejengwa katikati ya vilima, na gari lililojaa mizigo likishuka mteremko mrefu huku dereva amekanyaga breki mfululizo, diski inaweza kupita nyuzi 400. Kalipa yenyewe hupata joto pungufu, lakini bado ni jingi kuliko linalostahimiliwa na rangi ya mafuta ya milango na madirisha. Rangi hiyo hulainika, hugeuka manjano, kisha hubanduka vipande vipande.

Mafuta ya breki ni adui mkubwa zaidi ya joto. DOT 3 na DOT 4 huyeyusha rangi nyingi kwa dakika chache. Rangi za kalipa za sehemu mbili, zile zinazochanganywa na kigumishi na kupakwa kwa brashi, huyastahimili vizuri kuliko zote. Za kupuliza ni rahisi kutumia, lakini hutawanyika na zinahitaji kufunika vitu vingi. Pale ambapo rangi ya kalipa haipatikani, rangi ya injini ndiyo mbadala wa karibu. Rangi ya majiko huvutia kwa sababu kopo lake hutaja nyuzi 600. Kasoro yake ni kwamba hukomaa tu ikichomwa kwa joto kali, na kabla ya hapo hukwaruzika hata kwa ukucha. Kuingiza kalipa kwenye oveni ya jikoni ili kuichoma si suluhisho: mipira iliyomo ndani huharibika, na mvuke wa rangi haufai mahali panapopikwa chakula.

Wakati gani wa mwaka unafaa Likasi?

Mvua za Haut-Katanga huanza kati ya Oktoba na Novemba na huendelea hadi Aprili. Katika miezi hiyo hewa ina unyevu mwingi, rangi hukauka kwa shida na huweza kuwa na ukungu mweupe. Kiangazi nacho kina matatizo yake. Mji uko juu, mita 1,300 hivi kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai huwa na baridi kali. Chuma kilicholala nje hukusanya umande hata kama macho hayauoni. Kuanzia Agosti vumbi huzidi, na majivu ya nyasi zinazochomwa huelea hewani.

Wakati mzuri kuliko wote ni Mei, mvua zikiwa zimekatika na ardhi haijawa unga. Kazi ianze saa nne asubuhi, chuma kikiwa kimepata jua, na iishe kabla upepo wa alasiri haujaamka. Kivuli cha mwembe kinavutia, lakini mti unaochanua hudondosha maua na utomvu juu ya rangi mbichi.

Je, lazima kalipa ifunguliwe?

Si lazima. Inaweza kupakwa ikiwa mahali pake, mradi gurudumu litolewe. Gari liegeshwe mahali tambarare, magurudumu yanayobaki yazuiwe kwa mawe au vigingi, na mwili ukae juu ya stendi imara za chuma. Jeki peke yake haitoshi, na matofali ya saruji hupasuka bila kutoa onyo.

Anayefungua kalipa hufikia sehemu nyingi zaidi, lakini huongeza hatari. Kalipa isining'inizwe kwa mpira wake. Ifungwe kwa waya kwenye springi. Pedali isikanyagwe wakati kalipa iko nje, kwa maana pistoni itasukumwa hadi itoke. Mpira wa breki ukifunguliwa hewa huingia, na breki zote zitahitaji kutolewa upepo. Kwa mtu wa nyumbani asiyekuwa na mazoea, kupaka kalipa ikiwa mahali pake ndiyo njia ya busara.

Kalipa husafishwaje?

Hapa ndipo kazi yote ilipo. Kupaka kwenyewe huchukua sehemu ndogo ya siku. Rangi haishiki juu ya kutu inayobanduka, wala juu ya grisi, wala juu ya vumbi la pedi, lile jeusi linaloingia kwenye vinyweleo vya chuma.

Kwanza kalipa ioshwe kwa maji na sabuni, ikiwa bado na vumbi lake. Vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa wala lisifagiliwe likiwa kavu. Pedi za zamani, na baadhi ya zile za bei rahisi, zina asbesto, na nyuzi zake zikivutwa hubaki mapafuni. Kalipa ikikauka, brashi ya waya ipite kila pembe hadi chuma kigumu kionekane, kisha msasa wa namba 120 na baadaye 240 ili uso upate mikwaruzo midogo ya kushikilia rangi. Mwisho hupulizwa dawa ya kusafishia breki na kufutwa kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kitambaa kikitoka cheusi, hatua hiyo irudiwe hadi kitoke safi.

Petroli na dizeli, ambazo garaji nyingi huzitumia kuoshea kila kitu, hazifai hapa. Huacha utando wa mafuta, na mipira ya breki ikizigusa huvimba. Mpira wa vumbi unaozunguka pistoni ukivimba hujikunja, maji huingia nyuma yake, na pistoni hushika kutu ndani ya silinda.

Sehemu gani zisipakwe?

Diski na pedi kwanza. Zifunikwe kwa gazeti na utepe wa karatasi. Mpira wa vumbi wa pistoni, mpira wa mafuta ya breki na vifuko vya pini pia viachwe bila rangi, kwa kuwa hujikunja na kunyooka kila siku. Nati ndogo ya kutolea upepo ifunikwe na kofia yake; tundu lake likizibwa, siku ya kubadilisha mafuta nati itakatika mikononi mwa fundi.

Sehemu inayosahaulika ni ile mifereji ambamo masikio ya pedi huteleza. Nafasi yake ni finyu sana. Tabaka mbili za rangi zinatosha kuifanya pedi ikwame, iendelee kuparuza diski, ipate moto na kuisha upesi. Pini za kalipa zisipakwe, na zikifunguliwa zirudishiwe grisi ya silikoni. Grisi ya kawaida ya fani hula mipira yake.

Rangi hupakwaje?

Tabaka nyembamba, mbili au tatu. Rangi ya kupuliza ishikwe sentimita 20 hadi 25 kutoka kwenye chuma, mkono ukitembea muda wote, na tabaka ziachane kwa dakika 10 hadi 15 au kama kopo linavyoelekeza. Ya brashi huvumilia makosa zaidi, maana hujisawazisha yenyewe inapokauka. Rangi ya sehemu mbili ikishachanganywa huanza kuganda kwenye kopo, hivyo magurudumu yote yawe yameandaliwa kabla ya kuichanganya. Kigumishi chake hudhuru mapafu: kazi ifanyike nje, na anayepaka avae barakoa yenye vichujio vya kemikali. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii kitu.

Ni nini cha kufanya kabla ya kuendesha?

Kusubiri saa 24. Kisha utepe wote huondolewa, na diski husafishwa tena hata kama hakuna tone linaloonekana. Nati za gurudumu hukazwa kwa mpangilio wa nyota. Corolla nyingi huhitaji 103 Nm. Gari likiwa bado limesimama, pedali ikanyagwe mara kadhaa hadi iwe ngumu. Jaribio la kwanza lifanyike polepole mahali pasipo watu, kisha kalipa zikaguliwe kama kuna rangi iliyogusana na rimu. Harufu kidogo na moshi mwembamba katika kilomita za mwanzo ni rangi inayokomaa. Gurudumu moja likinuka peke yake, kuna pedi iliyokwama.

Rangi hudumu muda gani?

Iliyopakwa juu ya chuma safi hudumu miaka, hata katika vumbi la Barabara ya Taifa Na. 1 kuelekea Lubumbashi au Kolwezi. Iliyopakwa juu ya kutu huanza kubanduka masika ya kwanza. Kalipa zioshwe kwa maji kila gari linapooshwa, zikiwa zimepoa, na mafuta ya breki yakimwagika wakati wa matengenezo yaoshwe papo hapo. Doa dogo lililobanduka hupigwa msasa na kupakwa peke yake, bila kurudia kalipa nzima.