Pango la Kitum na Masimulizi ya Safari: Funzo kwa Mwanafunzi wa Fasihi

Utangulizi

Masimulizi ya safari ni utanzu wenye historia ndefu katika Kiswahili. Safari za Wasuaheli, kitabu kilichohaririwa na Carl Velten, kilichapishwa mwaka wa 1901. Makala haya yanahoji: msimulizi atenganishe vipi alichokiona, alichosimuliwa na kilichothibitishwa? Mfano unaotumiwa ni Pango la Kitum katika Mbuga ya Kitaifa ya Mlima Elgon, iliyotengwa mwaka wa 1968.

Jina na asili

Mwanafunzi anayetoka nchi ya chai ya Kericho na Bomet hafiki Elgon akiwa mgeni kamili. Masimulizi ya Wakipsigis huutaja mlima huo miongoni mwa vituo vya uhamaji wa wahenga wao, na lugha ya Wasabaot wanaoishi huko ina nasaba na Kikipsigis. Kitum hufasiriwa kuwa mahali pa sherehe. Mkipsigis naye hulinganisha jina hilo na neno lake tumdo, yaani sherehe.

Ushahidi wa macho

Pango hili huingia mlimani kwa yapata mita 200, na kuta zake zimejaa alama za kuchimbwa. Joseph Thomson, aliyefika Elgon mwaka wa 1883, aliona kuta za namna hiyo akakata kauli kuwa mapango yalichimbwa na watu wa kale. Wenyeji walimweleza kuwa ni kazi ya Mungu, lakini hakusadiki. Karne moja baadaye, watafiti waliokesha Kitum waliwashuhudia tembo wakiingia gizani, wakivunja mwamba kwa pembe zao na kuutafuna ili wapate chumvi. Thomson aliona sawasawa. Alikosea katika kufasiri.

Aidha, mgeni aweza kudhani kuwa Kitum ni pango la mawe ya chokaa, kama yale ya Amboni karibu na Tanga yaliyotobolewa na maji. La hasha! Mwamba wa Kitum ni majivu na vifusi vya volkeno vilivyoshikamana.

Uzito wa neno

Usahihi huu si anasa ya kitaaluma. Mwaka wa 1980 na tena mwaka wa 1987, watu wawili waliokuwa wamezuru Kitum waliugua homa ya Marburg wakafa. Baadaye, utafiti uliofanywa nchini Uganda ulithibitisha kuwa popo wala matunda wanaoishi mapangoni hubeba virusi hivyo. Msimulizi anayesifu uzuri wa pango bila kumtaja popo humwacha msomaji wake hatarini.

Hitimisho

Kiswahili kina nyenzo za kutosha za kutenganisha tabaka hizi: "alionekana", "inasimuliwa", "imethibitishwa". Mwandishi chipukizi azitumie kwa uangalifu. Pia asidharau kauli ya mwenyeji: kwa kukana kuwa binadamu ndiye aliyechimba, wenyeji wa Elgon walikuwa karibu na ukweli kuliko mgeni aliyewaandika.