Kauli za Nyumbani kwa Mwenye Sonona

Sonona ni ugonjwa. Si uvivu, wala si upungufu wa imani. Mtu akikaa wiki mbili au zaidi na huzuni isiyokatika, havutiwi tena na alivyovipenda, usingizi umemruka, chakula hakipiti na mwili hauna nguvu, apelekwe kituo cha afya. Huku pwani wengi hawasemi wana huzuni. Watakwambia kichwa kinagonga, moyo unakwenda mbio, "nina mawazo tu".

Nyumbani nako, namna tunavyosema naye ina uzito. Daktari Eric Berne, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi Marekani, alianzisha katika miaka ya 1950 tiba ya mazungumzo inayoangalia mtu anasema na mwenzake kutoka upande gani wa nafsi. Upande wa Mzazi huamuru, hukaripia au hubembeleza, kama alivyosikia kwa wakubwa wake. Upande wa Mtoto una hofu, aibu na furaha za utotoni. Mtu Mzima hutazama hali ilivyo leo, kisha huamua. Umri hauhusiki: babu naye hununa kitoto.

Ndani ya mwenye sonona, Mzazi mkali hanyamazi: huna maana, umeshindwa. Mtoto anaitikia. Nyumba nayo ikikaripia, mgonjwa anazidiwa.

Chukua mfano wa mvuvi wa Dunda, Bagamoyo. Kusi limevuma, deni la nyavu limemkaa shingoni, na hata bahari ilipotulia hakushuka pwani. Mama yake anamwambia, "Jikaze baba, mwanamume halii. Wenzio wako majini." Anajibu, "Nisamehe mama," anageukia ukutani. Bi mkubwa ana nia njema, ila Mzazi amesema na Mtoto. Taibi Kahler, aliyeendeleza kazi ya Berne, aliiweka "jikaze" miongoni mwa amri tano zinazomwendesha mtu bila mwenyewe kujua.

Usiku mkewe anasema, "Baba Mwajuma, naona siku hizi hulali. Deni tunalijua sote. Kesho twende kituo cha afya, mimi na wewe. Tuondoke saa mbili au saa nne?" Kimya kirefu. "Saa nne." Mke hakumbembeleza wala hakumsuta; ameuliza jambo dogo linalojibika. Hapo Mtu Mzima amesema na Mtu Mzima.

Berne alisisitiza pia kwamba binadamu anahitaji kutambuliwa na wenzake. Hapo sisi tuna mtaji: salamu. Mwana wa mgonjwa akirudi chuoni ampe baba shikamoo yake, hata asipoitikiwa. Msimruke kwa kuwa kanyamaza, wala msimlazimishe acheke.

Kauli njema hazichukui nafasi ya matibabu. Kituoni msihangaike kutaja jina la tiba. Elezeni dalili na zilianza lini. Akiandikiwa dawa, huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na asiziache ghafla akijiona mzima. Dua na kisomo viendelee, dawa nazo ziendelee.

Akisema amechoka kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani; wengi hupumua kwa kuulizwa. Akikubali, asibaki peke yake hata usiku. Dawa za nyumbani na sumu ya panya ziondolewe, na apelekwe mara moja Hospitali ya Wilaya ya Bagamoyo au iliyo karibu zaidi, akisindikizwa na mtu anayemwamini.