Kabla ya Kumlipa Wakala wa Kutangaza Kitabu Chako

Mwandishi wa Mbinga, au wa mwambao wa Ziwa Nyasa kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, aghalabu huchapisha kitabu kwa akiba ya msimu wa kahawa au wa samaki. Akiba inayosalia ndiyo inayoombwa na wakala anayeahidi kukitangaza. Tunakushauri utambue kwanza unachokinunua.

Wakala huuza kazi yake, hauzi matokeo. Kazi hiyo ni kuandika taarifa kwa vyombo vya habari, kuomba nafasi za mahojiano redioni, kupeleka nakala kwa wahakiki na kuandaa uzinduzi. Akikuhakikishia kwamba nakala zote zitanunuliwa au kwamba utapata tuzo, jihadhari naye.

Mkulima wa kahawa haondoki ghalani kabla ya kuisoma mizani. Nawe dai mkataba wa maandishi unaotaja kila kazi, tarehe yake na gharama yake. Lipa kwa awamu, kila awamu baada ya kuiona kazi iliyokamilika, na uchukue stakabadhi. Muulize redio ipi inasikika Liuli, na msikilizaji wa huko atakinunua wapi kitabu. Hakikisha pia mkataba haumpi hakimiliki yako.

Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa kupotosha au kuhadaa katika biashara. Ukihadaiwa, hifadhi mkataba, stakabadhi na ujumbe wa simu, kisha utuletee malalamiko yako mapema.