Kutabiri Ukuaji wa Ini kabla ya Upasuaji

Mgonjwa wa saratani anapohitaji kuondolewa sehemu kubwa ya ini, swali la kwanza huhusu kitakachobaki. Ini lenye afya huhitaji kubakiwa na angalau asilimia 20 ya ujazo wake. Lililopitia tibakemikali kwa muda mrefu, asilimia 30. Na lenye makovu ya sirosisi, asilimia 40. Pungufu ya hapo, ini huweza kushindwa kufanya kazi na mgonjwa akafariki.

Ndiyo maana daktari hupitisha mrija mwembamba kwenye ngozi na kuziba tawi la mshipa wa lango linalolisha upande utakaokatwa. Mshipa huo huleta takriban robo tatu ya damu ya ini. Damu ikielekezwa upande wa pili, upande huo hukua.

Si kila ini hukua sawa. Sirosisi na kisukari huweza kupunguza kasi. Kiashiria muhimu ni kasi yenyewe, inayopimwa kwa picha za CT. Sehemu iliyotoka asilimia 22 hadi 30 kwa wiki 4 imepanda pointi 2 kila wiki, na hiyo ni dalili njema. Ongezeko lisilofika pointi 5 kwa jumla ni onyo, hata ujazo ukionekana kutosha.

Mgonjwa anayesubiri huhofu kwamba uvimbe utakua. Hofu hiyo ina msingi; kwa hiyo aelezwe mapema sababu ya kusubiri, na tarehe ya kipimo cha pili isipitwe.