JUU YA NINI BIDONI INALEGEA?

Hapa Marabo tunachota maji kwa bidoni ya litri 20. Ikiwa mpya inasimama sawa. Kisha miezi mingi mbavu zinatoka inje, kitako kinavimba, na haikai tena wima. Watu wanasema ni uzee tu. Sisi wa mwaka wa sita tunaona kama jambo hili linaanzia kiwandani.

Litri 20 za maji ni kilo 20. Uzito ule hauongezeki, lakini plastiki inaendelea kuvutika polepole, siku kwa siku. Chuma hakifanyi vile mpaka kipate moto wa mamia ya digrii. Bidoni ni ya poliyetileni ngumu, ile Karl Ziegler wa Ujerumani alivumbua katika mwaka 1953. Molekuli zake ni kama nyuzi ndefu, na hata kwa joto la kawaida zinateleza moja juu ya ingine.

Kiwandani mambo matatu yanaongeza au kupunguza kuteleza huko:

1. Kupoza. Poliyetileni hii inayeyuka karibu na digrii 130. Ikipoa polepole, molekuli zinajipanga vizuri na kushikana. Ikipozwa mbio, nyingi zinabaki ovyo, na mvuto unabaki umefungwa ndani. Lakini kupoza polepole kunakula saa, na kiwanda kinatoa bidoni chache.

2. Unene. Bidoni inapulizwa kwa hewa ndani ya kalibu, ni kusema chombo cha kuipa umbo. Pembe zinavutwa zaidi, basi zinaweza kubaki nyembamba.

3. Moto wa kuyeyusha. Ukizidi, molekuli zinaweza kukatika, na zile fupi hazishikani sana.

Jaribio: kateni vipande viwili vya upana mmoja katika sashe moja, kimoja kwa urefu wake, kingine kwa mapana. Tundikeni jiwe la uzito sawasawa kwa kila kimoja, mpime asubuhi na jioni kwa siku tatu. Plastiki ni moja, uzito ni mmoja. Tofauti mtakayoona imetoka kwa namna ilivyotengenezwa.

Basi, mama akiwatuma sokoni, msiangalie rangi tu. Finyeni pembe na kitako kwa kidole gumba: pakibonyea upesi, acheni ile. Nyumbani msitie maji ya moto, msipange bidoni zilizojaa moja juu ya ingine, tena ziwekeni kivulini, maana joto linaharakisha kulegea. Feza ya bidoni inatoka katika jasho la wazazi.